Majogoo Wengi, Majirani Karibu

Katika ajenda ya mkutano wa wanachama neno «mengineyo» huwekwa mwisho, na aghalabu ndipo lizukapo shauri ambalo hakuna aliyelitazamia. Mojawapo ni shauri la jogoo. Mwanachama husimama, akaeleza kwamba jogoo wa jirani yake huanza kuwika usiku ungali mkubwa, kwamba nyumbani kwake yumo mgonjwa, na kwamba amekwisha kusema mara tatu bila kusikilizwa. Watu hucheka. Mwenyekiti naye hucheka, kisha hufunga mkutano.

Kicheko hicho huweza kukigharimu chama. Wanachama wawili wasiosalimiana hawakai pamoja katika kamati, hawadhaminiani mkopo, wala hawasaidiani kupakia magunia siku ya kupeleka korosho ghalani. Na mwanachama aliyeudhika, akiona kwamba chama kimempuuza mbele ya watu, hahitaji kushawishiwa sana na mnunuzi wa kangomba ajaye mlangoni usiku na fedha mkononi. Kwa hiyo katibu wa chama yampasa kulielewa jambo hili kama alivyoelewa vitabu vya hesabu, hasa kwa kuwa nalo, likichunguzwa vema, ni jambo la hesabu.

Asili ya tatizo katika Mkoa wa Lindi si jogoo mwenyewe. Zamani kaya nyingi za huku zilikaa mbalimbali, kila moja katika shamba lake la mikorosho au minazi, na jogoo aliwika akasikiwa na mwenyewe. Tangu mwaka 1973, serikali ilipoamuru kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wawe wanaishi vijijini, watu walihamia katika viwanja vilivyopimwa kwa safu, nyumba na nyumba. Watu wakasogea, na kuku wao wakasogea pamoja nao. Katika miji ya kale kama Kilwa Kivinje msongamano huo ulikuwapo tangu awali. Kuta za majirani karibu zagusana. Methali yasema jogoo la shamba haliwiki mjini. Kwa upande wa wanadamu huenda ni kweli, lakini kwa upande wa kuku si kweli hata kidogo: jogoo aletwaye kutoka shamba huwika mahali popote, na akisikia wenziwe huzidisha.

Sababu za kuwika

Wengi hudhani kwamba jogoo huwika kwa kuwa ameona mwanga. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nagoya, nchini Japani, walieleza matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa kuwaweka majogoo katika mwanga hafifu usiobadilika mchana na usiku. Majogoo hao waliendelea kuwika kwa mpango wa karibu saa 24, kana kwamba wanaijua saa. Imethibitika basi kwamba jogoo anayo saa ndani ya mwili wake, nayo humwamsha kiasi cha saa 2 kabla ya mapambazuko. Kwa pwani ya Lindi, ambako jua huchomoza karibu na saa 12 asubuhi, hesabu hiyo yaangukia saa 10 alfajiri au kabla yake kidogo. Wazee wetu waliokuwa wakipima usiku kwa jogoo wa kwanza na jogoo wa pili hawakuwa wakibahatisha.

Mwanga wa nje na sauti za nje nazo humwamsha, kama vile taa ya pikipiki, kurunzi ya mlinzi, au jogoo wa mtaa wa pili. Mambo haya humfanya awike saa yoyote, na ndiyo yaletayo ile milio ya saa 7 na saa 8 usiku ambayo majirani huilalamikia zaidi.

Wataalamu haohao walieleza jambo la pili mwaka 2015. Majogoo wanapokaa pamoja huwa na cheo, na mkubwa wao ndiye awikaye kwanza. Wengine hufuata kwa utaratibu wa vyeo vyao. Mkubwa akiondolewa, wa pili hushika nafasi yake. Jirani anayefikiri kwamba akimwibia mwenzake jogoo mwenye kelele, au akimtegea sumu, atalala kwa amani, hujipatia kesi tu. Asubuhi ya pili naibu huwa amekwisha kupanda cheo.

Kuhusu ukubwa wa sauti, vipimo vilivyofanywa nchini Ubelgiji na kutangazwa mwaka 2018 vilionyesha kwamba umbali wa nusu mita kutoka kwa jogoo awikaye sauti hupita desibeli 100. Jogoo mwenyewe hasikii yote hayo, kwa sababu anapofungua mdomo sana tundu la sikio lake hujifunga. Ameumbwa na kinga ambayo jirani yake hakupewa.

Sauti inapotoka mahali pamoja na kuenea katika uwanda, kila umbali uongezekapo maradufu hupungua desibeli 6 hivi. Tukianza na desibeli 100 kwa nusu mita, mita 1 zabaki 94, mita 2 zabaki 88, mita 4 zabaki 82, mita 8 zabaki 76, mita 16 zabaki 70, mita 32 zabaki 64. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilishauri kwamba sauti za ghafla usiku zisizidi desibeli 60 nje ya dirisha lililo wazi ili mtu aweze kulala vema. Kufikia kiwango hicho kwa umbali peke yake jogoo angepaswa kukaa zaidi ya mita 50 kutoka dirisha la jirani. Katika safu ya nyumba za kijiji nani mwenye mita 50? Umbali husaidia, lakini hautoshi.

Hesabu ya majogoo

Hapa ndipo penye kiini cha shauri, nacho husahauliwa na pande zote mbili. Mlalamikaji husema «jogoo wake», lakini katibu akienda kuhesabu hukuta wanne au watano. Jogoo mmoja wa kienyeji mwenye afya atosha kwa matetea 10. Mwenye matetea 12 na majogoo 5 analisha majogoo 3 bure, hata tukimwachia mmoja wa akiba.

Na kulisha si neno dogo. Kuku mkubwa akilishwa nafaka tu hula kama gramu 100 kwa siku. Majogoo 3 hula gramu 300, ambazo kwa mwezi ni kilo 9, na kwa mwaka zakaribia kilo 110. Ni kweli kwamba kuku wetu hujitafutia wadudu na majani, kwa hiyo hawali chote hicho kutoka ghala la mwenyewe. Bali wakila nusu yake tu, ni nusu gunia la mahindi lililokwenda katika kelele. Aidha majogoo wengi hupigana, na huwachosha matetea kwa kuwapanda kupita kiasi hata mgongo ukanyonyoka manyoya.

Majogoo hawa hutoka wapi? Katika kila vifaranga walioanguliwa, karibu nusu ni madume. Zamani mdondo, ambao wengine huuita kideri, ulipita kijijini na kufagia wakubwa na wadogo, na hesabu ikajirekebisha kwa njia ya msiba. Sasa wanachama wanaochanja kwa ile chanjo ya I-2, tone moja jichoni kila baada ya miezi 3 hadi 4, huwaona vifaranga wao wakikua. Hii ni neema. Lakini madume nao hukua, na mfugaji aliyezoea kupoteza hajazoea kuuza. Yafaa kusemwa wazi kwamba sehemu ya kelele ya leo ni matunda ya chanjo.

Dawa yake ni kuwauza wakiwa bado pora. Pora huanza kujaribu sauti yake akiwa na umri wa miezi 4 hadi 5, kwa mlio wa kukwaruza ambao kila mfugaji aujua. Mlio huo uchukuliwe kuwa ndiyo ilani ya soko. Wapo watakaosema kwamba pora hana nyama kama jogoo kamili, na kwamba kumngoja miezi miwili zaidi huongeza bei. Hoja hiyo ina nguvu zake, hasa sikukuu ikiwa karibu. Jawabu lake ni kupanga uatamiaji tangu mwanzo: siku 21 za kuatamia na miezi 5 ya kukua, jumla yake ni karibu miezi 6. Anayetaka kuuza wakati wa Idd ahesabu miezi 6 nyuma, akikumbuka kwamba Idd hutangulia kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo tarehe ya mwaka jana haimfai mwaka huu. Chama kikiwakusanya pora wa wanachama 20 siku moja, mnunuzi wa Lindi mjini, Kilwa Masoko au hata Dar es Salaam atakuja mwenyewe, na bei haitakuwa ile ya mtu mmoja anayezungushwa njiani na kuku wawili mkononi. Kibali cha kusafirisha kiombwe mapema kwa afisa mifugo.

Fedha hizi zina wakati wake. Malipo ya korosho huja kwa msimu, na msimu ukiisha ni kuku ndio wanaonunua daftari, mafuta ya taa na sare za shule. Katika kaya nyingi ni mali ya akina mama. Kwa hiyo mkutano unaopitisha azimio la haraka kwamba «majogoo yote yaondolewe kijijini» huwa umeamua juu ya mfuko wa watu ambao pengine hawakuwamo ukumbini.

Je, asiyetaka jogoo kabisa?

Wako wanaoamini kwamba tetea hatagi bila jogoo. Imani hiyo haina msingi. Tetea hutaga bila kupandwa. Ila mayai yake hayataanguliwa. Tena kwa mayai ya kula na kuuza, yasiyo na mbegu ndiyo bora katika hali ya hewa ya pwani, kwa kuwa joto letu latosha kukianzisha kiinitete kukua ndani ya yai lililorutubishwa, na yai la namna hiyo huharibika upesi. Mwanachama anayeuza mayai dukani wala haatamishi, hana haja ya jogoo hata mmoja.

Anayetaka vifaranga anahitaji jogoo, lakini hahitaji kukaa naye siku zote. Tetea akikwisha kupandwa huhifadhi mbegu mwilini, na huendelea kutaga mayai yenye uhai kwa siku 10 au zaidi. Kwa hiyo kaya mbili zilizo mbali kidogo zaweza kuwa na jogoo wa shirika, wiki moja huku na wiki moja kule, na mayai ya pande zote mbili yakaanguliwa. Kila mtaa hupata wiki ya utulivu. Ushirika wa namna hii hauhitaji kuandikishwa kwa Mrajis.

Sharti lake ni moja nalo lisilegezwe. Jogoo anayehamahama huweza kuhamisha mdondo. Kabla ya kuanza mzunguko, kuku wote wa kaya zote mbili wachanjwe, na jogoo asitoke kabla ya wiki 2 kupita tangu chanjo. Akionekana amezubaa, anaharisha kijani au anahema kwa shida, abaki alipo, na afisa mifugo aitwe.

Kwa nyumba zilizo katika safu moja hali ni tofauti kidogo, kwa sababu mchana kuku huchanganyika uwanjani bila kujua mipaka ya wenye nyumba. Mlalamikaji mwenye matetea asiye na jogoo ajiulize vifaranga wake baba yao ni nani. Akikwisha kujiuliza, mazungumzo huwa mepesi. Safu ya nyumba 6 yenye matetea 30 yatosheka na majogoo 3. Wenye nyumba wakubaliane ni akina nani watakaowaweka, na wachaguliwe wale walio pembeni, wasio na mgonjwa wala mzazi mwenye mtoto mchanga. Wasisahauliwe wavuvi wa usiku, ambao hurejea alfajiri na kulala mchana. Kwao jogoo wa saa 3 asubuhi ni sawa na wa saa 9 usiku kwa mkulima.

Banda

Jogoo aliyebaki alazwe ndani. Kuku wanaolala juu ya mwembe au juu ya paa huona kila taa inayopita na husikia kila jogoo wa kijiji, nao hujibu. Banda la ukuta mzito wa udongo au matofali huzuia sehemu kubwa ya sauti. Makuti na wavu wa waya havizuii kitu cha kusifiwa. Mlango na matundu ya hewa yaelekezwe upande usio na dirisha la jirani. Ni muhimu pia kutazama upepo, kwa kuwa sauti husafiri zaidi kuelekea upepo uendako. Wakati wa kusi, banda lililo kusini mwa nyumba ya jirani humsumbua kuliko lililo kaskazini. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka. Asiyeweza kuwa na mabanda mawili achague upande kwa kuuliza jirani husumbuliwa zaidi miezi gani.

Giza lisaidiwe kwa kuziba nyufa, lakini hewa isizibwe. Joto la pwani huua kuku waliobanwa kuliko kicheche. Mita 1 ya mraba iwatoshe kuku 4 au 5 wakubwa, wala wasizidi. Mfugaji asitegemee pia kwamba giza litamnyamazisha jogoo kabisa, kwa maana ile saa ya ndani haina dirisha. Kinachopungua ni milio ya katikati ya usiku, na mlio wa alfajiri hutoka ukiwa umefunikwa na ukuta. Afungue mlango baada ya jua kuchomoza, si kabla. Gharama ya banda hurudi upesi kwa vifaranga wanaookoka na ngawa, kicheche na wezi.

Katika nchi nyingine hutumika visanduku vya dari fupi ili jogoo asiweze kunyoosha shingo, au ukanda wa kufungwa shingoni ili kupunguza pumzi ya kuwika. Kisanduku katika joto letu ni hatari. Ukanda ukikazwa zaidi kidogo humnyonga kuku, na mfugaji hugundua asubuhi. Kuhasi jogoo ni upasuaji wa ndani ya tumbo, maana viungo vyake haviko nje kama vya mbuzi. Asithubutu mtu kumpasua nyumbani kwa wembe. Ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kutesa mnyama ni kosa.

Shauri likifika

Mahakama si mahali pa kuanzia. Mwaka 2019 huko Ufaransa, katika kisiwa cha Oléron, majirani wenye nyumba ya mapumziko walimshitaki mwenye jogoo aitwaye Maurice. Mahakama ya Rochefort ilimpa ushindi mwenye jogoo na kuwaamuru walalamikaji kulipa euro 1,000; na Januari 2021 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuzilinda sauti na harufu za vijijini. Jogoo alikwisha kufa mwaka 2020. Nchi nzima ilijadili, lakini hakuna aliyehesabu kama wale majirani walianza kusalimiana.

Kwetu utaratibu uwe huu. Katibu apokee lalamiko nje ya mkutano, aende na mjumbe mmoja wa bodi asiye na udugu na upande wowote, nao wahesabu mbele ya wote wawili: matetea wangapi, majogoo wangapi, wanalala wapi, hatua ngapi hadi dirishani. Wakati wa kwenda ni saa 10 alfajiri, si saa 4 asubuhi, ili wasikie kinachosemwa. Mara nyingi hugundulika kwamba mwenye kelele kuu si yule aliyetajwa, bali ni wa nyumba ya tatu. Kisha wakubaliane idadi itakayobaki, tarehe ya kuuza waliozidi, na mahali pa banda. Mwenye kuku apewe muda wa kutosha kuuza kwa bei ya haki. Muda wa siku 30 haudhuru mtu, na kama Idd imebaki miezi miwili, mlalamikaji aombwe avumilie hadi hapo kwa maandishi.

Makubaliano yaandikwe nakala 3, moja kwa kila upande na moja kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Yasiandikwe katika kitabu cha kumbukumbu za mikutano ya chama, kwa kuwa si azimio la chama, na mkaguzi atauliza fungu lake. Katibu asikubali pia kukata faini ya jogoo katika malipo ya mazao ya mwanachama, hata akiombwa na wote wawili. Malipo hayo yana taratibu zake na makato yasiyoidhinishwa hayaruhusiwi.

Kijiji kinachotaka kanuni ya kudumu kinayo njia. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, Halmashauri ya Kijiji yaweza kutunga sheria ndogo, ambayo hupelekwa Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa kabla ya kutumika. Hadi idhini itoke, hakuna mgambo mwenye mamlaka ya kukamata kuku wa mtu. Na pale makubaliano yanapovunjwa, shauri lipelekwe Baraza la Kata kwa usuluhishi pamoja na ile nakala ya tatu, na katibu wa chama aende huko akiwa shahidi wa hesabu aliyoiona, bila kuelemea upande wowote.